Kiongozi wangu wa maombi na mhadhiri wangu wote wanasema imani haihitaji akili, nimsikilize nani?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia, niko mwaka wa pili. Kwenye kikundi chetu cha maombi kiongozi alisema Mkristo anayetafuta ushahidi ameshapungukiwa imani, akatusomea Mithali 3:5, 'wala usizitegemee akili zako mwenyewe'. Wiki hiyohiyo mhadhiri mmoja akasema darasani kwamba imani ni kuamini kitu bila ushahidi, ndo maana haina nafasi kwenye sayansi. Nampenda Yesu na naipenda fizikia. Nikiuliza maswali naambiwa nina roho ya kiburi, nikinyamaza najiona mnafiki. Ukristo wenyewe unasemaje kuhusu akili na ufunuo? Na ile nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang) si inathibitisha Mwanzo 1:1, mbona nikiisema hakuna anayefurahi?"

Marahaba mdogo wangu. Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye swali lako ni kwamba hawa watu wawili, pamoja na kutofautiana kwao kote, wamekubaliana imani ni nini. Wote wanasema imani ni kufumba macho, tofauti ni kwamba mmoja anaisifia na mwingine anaibeza. Sasa mi nafundisha theolojia, ni Mlutheri, na nakwambia wazi kabisa maana hiyo ya imani sio ya Biblia na sio ya kanisa, ukiwasoma wale waliofikiri sana juu ya jambo hili, Augustino, Anselm, Thomas wa Akwino, hata Luther mwenyewe ambaye watu hupenda kumtumia kama fimbo ya kuipigia akili, hutaikuta.

Tuanze na huo mstari maana ndo uliotumika kukunyamazisha. Mithali 3:5 haisemi usitumie akili, inasema usizitegemee akili zako mwenyewe, na ukisogea mstari wa 7 unakuta maelezo yake, "Usiwe mwenye hekima machoni pako". Yaani anayekemewa pale ni mtu aliyejifanya yeye ndo kipimo cha mwisho, hashauriki, hamsikilizi Mungu wala mwenzake. Huyo anaweza kuwa profesa na anaweza kuwa mhubiri vilevile. Alafu kumbuka ni kitabu gani tunachokisoma, sura moja tu nyuma, Mithali 2, baba anamwambia mwanawe apaze sauti apate ufahamu, autafute kama fedha, na sura moja mbele, 4:7, "kwa mapato yako yote jipatie ufahamu". Huwezi kukichukua kitabu kinachopiga kelele tafuta ufahamu ukatoa humo amri ya kuacha kufikiri. Na Paulo kwa Wakorintho, haohao aliowaambia kwamba neno la msalaba ni upuzi kwa wanaopotea, anawaandikia 1 Kor 14:20, "msiwe watoto katika akili zenu". Luka anaanza injili yake kwa kusema alijitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, yaani alifanya utafiti, aliuliza watu. Watu wa Beroya kwenye Matendo 17 wanasifiwa kwa sababu walimsikia Paulo, mtume kabisa, halafu wakaenda kuyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Hakuna aliyewaambia wana roho ya kiburi.

Sasa tuingie kwenye ishu yenyewe. Ufunuo maana yake Mungu amejitambulisha mwenyewe, amesema na ametenda, na ametuambia mambo ambayo tusingeyafikia kwa kukaa na kuwaza. Hilo Mkristo halipunguzi hata kidogo. Ila mara tu ukisema "Mungu amesema" yanazaliwa maswali mawili ambayo huwezi kuyajibu bila akili: je, ni kweli ni yeye aliyesema? Na amesema nini hasa? Chukua zile meseji za "baba hapa, ile hela tuma kwenye namba hii". Mtoto anayempenda baba yake hatumi papo hapo, anapiga simu kwanza kuhakikisha, na kuhakikisha kwake hakumaanishi amemdharau mzee, kwa kweli ni kwa sababu anamheshimu ndo hataki tapeli atumie jina lake. Akishajua ni baba kweli, hapo anatuma hata kama hajaambiwa hela ni ya nini, anamwamini. Kuhakikisha aliyetuma ni kazi ya akili, na kumwamini ukishamjua kunakwenda mbali zaidi ya hapo, bila kuvunja kile akili ilichokiona.

Biblia inajua hatari hii vizuri sana. Kumbukumbu la Torati 18 linatoa kipimo cha nabii, akinena kwa jina la BWANA na neno lisitimie, basi BWANA hakulinena. 1 Yohana 4:1 inasema msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho. 1 Wathesalonike 5:21, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Ukiniambia nijaribu kitu lazima unipe ruhusa ya kuuliza. Na sisi wa Afrika Mashariki hatuna udhuru wa kulichukulia hili kama somo la vitabuni tu, mwaka 2023 kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi kule Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu wazima na watoto, wakidaiwa kufundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri anayeshtakiwa amekana mashtaka na hukumu ni ya mahakama. Lakini nataka ufikirie lile fundisho lenyewe, lililetwa kwa jina la Mungu, na kipimo cha kulikataa kilikuwepo kwenye Biblia hiyohiyo. Kila nikisikia kiongozi anawaambia vijana kuuliza ni dhambi naumia, sisemi kwa kuzidisha, naumia kweli.

Mtu ninayetaka umjue vizuri kwenye hili ni Augustino, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akafa askofu wa Hippo mwaka 430. Akiwa kijana wa umri wako hivi aliingia kwenye dini ya Wamani, na sababu iliyomvuta ni kwamba walimwahidi wao hawatamlazimisha kuamini, watamthibitishia kila kitu kwa akili. Alikaa nao karibu miaka 9. Sasa sikiliza kilichomtoa, maana hapa ndo wewe wa fizikia unahusika. Mani, mwanzilishi wao, alidai Roho Mtakatifu yumo ndani yake, na aliandika mambo mengi kuhusu jua, mwezi na nyota. Augustino alikuwa amesoma hesabu za wataalamu wa nyota wa zamani waliokuwa wanatabiri kupatwa kwa jua na mwezi miaka mingi kabla, wanataja siku, wanataja saa, na inatokea vilevile. Akaweka vitu viwili pamoja, hesabu zinatimia, maandishi ya Mani hayalingani nazo. Akauliza wenzake, wakamwambia subiri Faustus aje, yeye ndo mwalimu mkubwa, atakujibu yote. Akasubiri. Faustus alipofika Carthage alikuwa mzungumzaji mtamu kweli, ila Augustino alipomuuliza habari za zile hesabu jamaa akakiri hajui na hataki kujitia anajua. Augustino aliheshimu ule ukweli wake, ila mvuto wa Wamani kwake ukaisha pale.

Unaona kilichofanyika? Elimu ya nyota, kazi ya akili tupu, iliyofanywa na watu ambao hata hawakuwa Wakristo, ilimsaidia mtu kugundua kwamba kinachoitwa ufunuo sio ufunuo. Na hakulisahau hilo. Baadaye akiwa askofu, kwenye ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo, anawaonya Wakristo kwa ukali: mtu asiye Mkristo anaweza kuwa na elimu ya hakika kuhusu dunia, mbingu, mwendo wa nyota, wanyama, mawe, sasa akimsikia Mkristo anaropoka upuuzi juu ya mambo hayo na kudai ndivyo Maandiko yanavyosema, atawezaje kuyaamini Maandiko hayohayo yakimwambia habari za ufufuo na uzima wa milele? Hiyo imeandikwa miaka 1600 iliyopita. Na kwenye barua moja kwa Consentius aliyekuwa na wazo kama la kiongozi wako, anamjibu kwamba isidhaniwe kabisa Mungu anachukia ndani yetu kile alichotuumbia kutufanya tuwe zaidi ya wanyama wengine, maana hata kuamini kwenyewe tusingeweza kama tusingekuwa na nafsi zenye akili.

Ila stori ya Augustino ina upande wa pili na huu ni wa kumpelekea mhadhiri wako. Alipotoka kwa Wamani alikuwa amechoka kuahidiwa uthibitisho, akaanza kujiangalia anavyoishi, akagundua anaamini vitu vingi mno ambavyo hajavithibitisha mwenyewe, miji ambayo hajawahi kufika, mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa, na hata kwamba wazazi wake ndo wazazi wake, alijuaje zaidi ya kuambiwa? Bila kuamini ushuhuda wa watu wengine maisha hayaendi kabisa. Na wewe kwenye fizikia ni hivyo hivyo, vipimo vingi unavyovitumia hujavipima mwenyewe, unaamini waliopima kwa sababu una sababu nzuri za kuwaamini. Kwa hiyo kusema imani ni kuamini bila ushahidi ni kuchanganya vitu. Ushuhuda ni aina ya ushahidi, na swali la haki ni je, huyu shahidi anaaminika? Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba Kristo aliyefufuka alionekana na ndugu zaidi ya mia tano na wengi wao wako hai hata sasa, anasema kama mtu anayejua msikilizaji wake anaweza kwenda kuwauliza.

Halafu Augustino akasoma vitabu vya wafuasi wa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, na vilimsaidia sana, anasema alikuta humo mengi yanayofanana na mwanzo wa Injili ya Yohana, kwamba Neno alikuwako mwanzo naye alikuwa kwa Mungu. Lakini kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, hilo anasema hakulikuta humo. Nadhani hakuna mahali pengine mpaka wa akili umeonyeshwa wazi kuliko hapo. Akili ya mwanadamu, ikifanya kazi vizuri, inaweza kuona kwamba kuna Mungu, Paulo anasema hivyo Warumi 1:20, uweza wake wa milele na Uungu wake unafahamika kwa kazi zake. Ila kwamba huyo Mungu amezaliwa Bethlehemu na kusulubiwa kwa ajili yako, hilo hata ungekaa na akili bora duniani maisha yako yote usingelifikia, ni jambo alilolifanya Mungu kwa hiari yake na jambo la namna hiyo unalijua kwa kuambiwa tu. Augustino alibatizwa Milan, Pasaka ya mwaka 387.

Sasa kuhusu mlipuko mkuu na Mwanzo 1:1. Hapa nitakaa kidogo maana nadhani ndo sehemu ambayo swali lako limebeba uzito kuliko unavyodhani.

Karne ya 13, Chuo Kikuu cha Paris kilikuwa kinachemka kwa sababu vitabu vya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, vilikuwa vimetafsiriwa Kilatini, vingine kupitia Kiarabu pamoja na maelezo ya wanafalsafa Waislamu kama Ibn Sina na Ibn Rushd. Mwaka 1210 viongozi wa kanisa walipiga marufuku kufundisha vitabu vyake vya elimu ya asili pale Paris, ila ilipofika 1255 vilikuwa vimeshawekwa kwenye masomo ya lazima. Na Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo, umekuwepo siku zote. Ukaibuka ugomvi mkubwa. Kuna waliosema Aristotle ameshathibitisha, basi. Wengine, kama Bonaventura, mtu mtakatifu na msomi wa hali ya juu, wakasema hapana, akili inaweza kuthibitisha kabisa kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, ni kosa la lojiki kusema vinginevyo.

Thomas wa Akwino, mtawa aliyefundisha pale Paris, akakataa pande zote mbili. Alisema Aristotle hajathibitisha chochote hapo, hoja zake hazifiki. Lakini akawaambia na Wakristo wenzake kwamba na hoja zenu nazo hazifiki, akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulianza, tunalijua hilo kwa imani tu, kwa sababu Mungu amelifunua, kama tunavyojua Utatu. Hata ulimwengu usio na mwanzo, anasema, ungehitaji Mungu wa kuupa kuwepo kila dakika, kwa hiyo kuumbwa na kuwa na mwanzo ni mambo mawili tofauti. Na akaongeza onyo ambalo wanafunzi wangu wote nawalazimisha walijue: tusijitie kuthibitisha mambo ya imani kwa hoja dhaifu, tutawapa wasioamini sababu ya kutucheka, wakidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo. Ilimgharimu, maana kuna watu Paris walimwona anamwachia Aristotle sana, na mwaka 1277, miaka 3 baada ya kifo chake, askofu wa Paris alipolaani hoja 219, baadhi zilikuwa zinagusa mafundisho yake mwenyewe. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1323.

Ruka sasa mpaka karne ya 20. Aliyeleta wazo la kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka hali moja ndogo iliyosongamana, ambalo ndo leo tunaliita mlipuko mkuu, ni padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipewa upadri 1923, akafundisha Chuo Kikuu cha Leuven, mwaka 1927 akachapisha hesabu zake za ulimwengu unaotanuka na mwaka 1931 akaleta lile wazo la chembe ya kwanza. Mwaka 1951 Papa Pius XII akatoa hotuba kwa wanasayansi ambayo ilisikika kama anasema sayansi sasa imeushuhudia uumbaji. Ungetegemea padri Lemaître afurahi si ndio? Hakufurahi hata kidogo. Inasemekana alisaidia kumshauri Papa asiendelee na lugha hiyo, na mwaka 1952 Papa alipohutubia wataalamu wa nyota wa dunia Roma hakuirudia. Lemaître mwenyewe alisema baadaye kwamba kwa anavyoona nadharia yake iko nje kabisa ya swali la dini, asiyeamini yuko huru nayo na anayeamini yuko huru nayo. Na huyu ni mtu aliyeadhimisha misa mpaka uzeeni, hakuwa na aibu na imani yake.

Kwa nini walifanya hivyo, Thomas na Lemaître? Kwa sababu nadharia ya sayansi inaweza kurekebishwa kesho, wewe unajua, hiyo ndo kazi yake na hiyo ndo heshima yake. Ukiifunga imani ya watu kwenye hesabu fulani, siku hesabu ikibadilika umewayumbisha watu bure. Na pia ni dharau kwa sayansi, unaitumia kama kibarua wa mahubiri badala ya kuiacha itafute ukweli wake. Na fizikia inaeleza hali moja ilivyotoka kwenye hali nyingine, haielezi kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu kabisa, kwa hiyo Mwanzo 1:1 inajibu swali ambalo hesabu za Lemaître hazijaliuliza. Kwa hiyo mdogo wangu, sisemi usifurahie, mi mwenyewe nikisoma habari za mwanga ule wa kale unaopimwa mpaka leo kutoka pande zote za anga namtukuza Mungu, na Lemaître aliletewa habari ya ugunduzi wake muda mfupi kabla hajafa 1966. Furahi. Ila usiutumie kama uthibitisho.

Hapo unaona kitu ambacho kiongozi wako hakukitegemea: mtu aliyeitetea akili kwa nguvu zote ndo huyohuyo aliyejua inaishia wapi. Thomas anafungua kazi yake kubwa kwa kuuliza kama tunahitaji ufunuo wowote zaidi ya falsafa, na jibu lake lina huruma sana ndani yake. Anasema hata yale ambayo akili inaweza kuyajua kuhusu Mungu, kama yangeachiwa akili tu, yangejulikana na watu wachache, baada ya muda mrefu, na yakiwa yamechanganyika na makosa mengi. Mfikirie mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua ili watoto waende shule, atakaa saa ngapi kusoma falsafa? Mungu hakumwacha huyo mama asubiri wasomi wamalize mjadala. Amesema naye. Ndo maana mi siwezi kumdharau mtu ambaye imani yake haina hoja za kitabu, anamjua aliyemwamini. Ninachokataa ni kumlazimisha mwenye maswali ajifanye hana.

Utaulizwa kuhusu Tertullian na Luther, watu wa upande wa kiongozi wako wanawapenda hao. Tertullian wa Carthage, mwandishi Mkristo wa zamani kabla ya Augustino, ndo aliyeuliza Athens ina uhusiano gani na Yerusalemu, kweli aliuliza, alikuwa anapigana na wazushi waliochanganya injili na kila falsafa waliyoikuta. Ila ule usemi maarufu wa "naamini kwa sababu ni upuuzi" haupo kwenye vitabu vyake, kuna unaoukaribia na ameuandika katikati ya hoja ndefu kumjibu mzushi Marcion, na mtu anayejenga hoja kurasa kwa kurasa hawezi kuwa ameikataa hoja. Luther wangu, ni kweli, kwenye mahubiri ya Wittenberg Januari 1546, wiki chache kabla ya kufa, aliiita akili kahaba wa shetani. Ila mwaka 1521 kule Worms, mbele ya mfalme, alisema hatakana maandishi yake asipothibitishiwa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, na mwaka 1536 aliandika kwamba akili ni kitu kikuu kuliko vyote vya maisha haya na ni kama kitu cha kimungu. Akili aliyoitukana ni ile inayotaka kumhukumu Mungu na kujiokoa yenyewe. Akili inayosoma, inayopima, inayotawala nyumba na nchi, aliiheshimu.

Upinzani ambao mi nauona mzito kweli ni wa Karl Barth, mwanatheolojia Mswisi wa karne ya 20. Mwaka 1934 mwenzake Emil Brunner aliandika kwamba kuna nafasi fulani ya kumjua Mungu kupitia uumbaji, Barth akamjibu kwa kijitabu chenye jina la neno moja, Hapana! Kuelewa ukali wake lazima ujue mwaka wenyewe. Hitler alikuwa madarakani, na ndani ya kanisa la Ujerumani kulikuwa na Wakristo, wengine wasomi wakubwa kabisa, waliofundisha kwamba Mungu anajifunua pia kwenye damu, taifa na historia ya Wajerumani. Brunner hakuwa mmoja wao hata kidogo, lakini Barth aliona ukishaufungua mlango huo, watu wataingiza chochote wanachokipenda na kukiita sauti ya Mungu, na Mei mwaka huohuo azimio la Barmen, tamko la Wakristo wa Ujerumani waliopinga mafundisho hayo, alilolisaidia kuandika likasema Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia. Mi sikubaliani na Barth moja kwa moja, naona Warumi 1 inasema zaidi ya alivyoiruhusu kusema. Ila alichokiona ni kweli na kinauma, akili inahongeka. Tukitaka sana kitu tunapata hoja za kukitetea, na wasomi ndo tunaozipata haraka zaidi. Ukisoma Mithali 3:5 mbele ya mwaka 1934 unaelewa kwa nini haitoshi kuwa na akili nyingi, inabidi kuwe na sauti kutoka nje yetu inayoweza kutupinga. Hiyo nayo ni sehemu ya ufunuo ambayo mhadhiri wako angepaswa kuifikiria.

Kitu kingine kidogo, usichanganye jambo lililo juu ya akili na jambo lililo kinyume cha akili. Utatu uko juu ya akili, hatuwezi kuuthibitisha wala kuumaliza. Lakini kanisa halijawahi kufundisha kwamba moja ni sawa na tatu, linafundisha Mungu mmoja katika nafsi tatu, umoja unahusu uungu na utatu unahusu nafsi, na mababa wa karne ya 4, kuanzia mkutano wa kanisa wa Nikea mwaka 325, walitumia miongo mingi wakipima kila neno ili wasiseme kitu kinachojipinga chenyewe. Akikwambia mtu "hii haina mantiki ndo maana ni imani", mkatalie kwa upole, Mungu aliyeumba mantiki hahitaji tumtetee kwa kuivunja.

Na usitegemee kwamba ukikusanya ushahidi wa kutosha imani itatoka yenyewe kama jibu la hesabu. Haitatoka. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao wanaamini kwamba Mungu ni mmoja na wanatetemeka, wana taarifa zote hao. Petro alipomkiri Kristo aliambiwa mwili na damu havikukufunulia hili. Utafiti utakuonyesha kwamba kuamini ni jambo la haki kwa mtu mwenye akili timamu, utaondoa vikwazo vya uongo, ila kumwambia Yesu "Bwana wangu na Mungu wangu" ni neema, unaiomba. Ndo maana hata kwenye kusoma kwako usiache kuomba, na Anselm, askofu mkuu wa Canterbury zamani, aliyeandika hoja moja ngumu kuliko zote kuhusu kuwepo kwa Mungu, aliiandika yote kama sala, anamwambia Mungu mwenyewe.

Sasa ufanye nini. Mhadhiri wako, kama anaruhusu maswali baada ya kipindi, muulize kwa heshima kama kuamini ushuhuda wa mtu anayeaminika ni kuamini bila ushahidi, usikilize jibu lake vizuri, anaweza kuwa na pointi nzuri za kukufundisha. Kiongozi wako usimjibu mbele ya watu, mfuate pembeni, mwombe msome pamoja Matendo 17:10-12 na 1 Petro 3:15, ile ya kuwa tayari siku zote kumjibu kila mtu lakini kwa upole na kwa hofu, na umweleze kwamba kuuliza kwako kunatoka kwenye kumpenda Mungu kwa akili zako zote kama Luka 10:27 inavyoagiza. Wengi wakielezwa hivyo wanaelewa, mara nyingi wanaogopa tu kwa sababu wameona vijana wakienda chuo na kuacha kusali. Ila kama kikundi kinakukataza hata kuuliza kwa mtu mwingine nje yao, au kusoma, au kwenda hospitali, hicho toka, na umwambie mtu mzima unayemwamini. Fizikia usiache. Na Maungamo ya Augustino ukiyapata anza na kitabu cha tano, ndo kuna habari ya Faustus na zile hesabu za kupatwa kwa jua, ukikwama mahali niandikie tena.